Lami Ikifika Bunia, Mwenda kwa Miguu Apite Wapi?

Saa moja asubuhi, barabara za Bunia, mashariki mwa Kongo, ni za watu wa miguu. Wanafunzi wenye mashati meupe na suruali au sketi za buluu wanateremka kutoka Mudzi-Pela na Yambi-Yaya. Akina mama wamebeba kichwani beseni za samaki waliotoka Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, wanaelekea soko kuu. Vijana wanasukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makala na bidoni za maji. Pikipiki za abiria zinapenya katikati yao huku honi zikilia. Magari ya watu binafsi ni machache; mengi ya yale yanayopita ni ya mashirika, ya jeshi, ya Umoja wa Mataifa, au ni malori yaliyotoka Uganda kupitia Mahagi.

Hali hii inaligeuza swali zima la mitaa salama. Ulaya na Marekani, mpangaji wa mji huanza kwa kujiuliza atawatoaje watu ndani ya magari yao ili watembee. Bunia haina haja ya kujiuliza hivyo. Watu wanatembea tayari, wengi kwa kukosa nauli ya pikipiki, wengine kwa kuwa wanakokwenda ni karibu. Kazi ya Bunia ni kuhakikisha kwamba ujenzi wa barabara hauwanyang'anyi watu hao nafasi ambayo, pamoja na vumbi na mashimo yake yote, bado wanayo. Naomba nieleze mapema ninaposimama: kwa mtu wa miguu wa Bunia, barabara nzuri iliyojengwa bila kumkumbuka ni hatari kuliko barabara mbovu anayoipita leo.

Mji huu una historia ya kupangwa kwa ajili ya mizigo. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903 na migodi ya Kilo-Moto ikaanza, Wabelgiji walihitaji njia za kupitishia mitambo na chakula kati ya machimbo, Ziwa Albert na Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Makao ya utawala yalikuwa Irumu kwanza; Bunia, iliyokaa kwenye njia ya kwenda bandari ya Kasenyi, ikakua na kuchukua nafasi hiyo. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Kongo wakati wa ukoloni, njia pana zenye miti zilikuwa upande wa Wazungu, na upande wa wenyeji ukapewa viwanja vilivyobanana. Agizo la 20 Juni 1957 kuhusu mipango miji, lililotiwa saini miaka mitatu kabla ya uhuru, liliendelea kuwa msingi wa sheria ya mipango miji kwa miongo mingi baada ya Wabelgiji kuondoka. Yaani kanuni ambazo ofisi za miji zilizitumia kugawa viwanja na njia zilifikiriwa kwa ajili ya mji mdogo wa kikoloni, uliokuwa na wenye magari wachache na watumishi wengi.

Kisha likaja wimbi baada ya wimbi. Wakati wa vita vya Ituri, vilivyoanza mwaka 1999, watu walikimbia huku na huku kati ya mji na vijiji. Mei 2003 maelfu walijikusanya karibu na uwanja wa ndege na kambi ya walinda amani, kabla ya kikosi cha Ulaya cha Operesheni Artemis kuingia mwezi Juni. Mwaka 2015 mkoa wa zamani wa Orientale uligawanywa, Bunia ikawa makao makuu ya mkoa wa Ituri, na ofisi zikaongezeka. Ghasia za eneo la Djugu, mkoani humo, zilipowaka tena mwishoni mwa 2017, waliokimbia walipiga mahema karibu na Hospitali Kuu, kisha kwenye maeneo kama chuo cha ualimu cha ISP na Kigonze. Wengi waliofika hivyo walifika kwa miguu, na wengi wamebaki wakiishi kwa miguu: kwenda kibaruani, kutafuta maji, kupeleka mtoto kituo cha afya. Kata za pembezoni zikajaa nyumba kabla hazijachorwa njia. Katika sehemu hizo, njia ni nafasi iliyobaki kati ya ua wa huyu na ua wa yule.

Tuanze na maji, kwa sababu Bunia ni mji wa miteremko. Uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,300, udongo wake ni mwekundu, mvua zake ni kali, na maji yote ya mitaa hutafuta mto Nyamukau. Barabara ya udongo isiyo na mtaro hugeuka kuwa mtaro wenyewe. Baada ya misimu michache korongo hula ukingo wa njia, yaani mahali pale pale ambapo mtu wa miguu alikuwa akipita. Na pale mtaro unapojengwa, mara nyingi hujengwa wazi, wenye kuta za wima na kina cha kummeza mtoto. Mtu hukuta barabara upande mmoja, shimo upande wa pili, na yeye katikati hana pa kukanyaga. Usiku ni mbaya zaidi. Mzee asiyeona vizuri, mama mjamzito, kijana aliyekatika mguu vitani anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kusukuma kwa mikono: kwa hawa wote mtaro wa wazi unafunga barabara, hata kama ramani inaonyesha kuwa ipo.

Dawa yake inajulikana, wala haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Ni bamba la zege juu ya mtaro. Mtaro uliofunikwa vizuri, wenye matundu ya kuingiza maji na mabamba yanayoweza kunyanyuliwa wakati wa kusafisha, unatoa njia ya miguu ya mita moja na zaidi bila kumnyang'anya mtu kipande cha kiwanja. Hili ni jambo kubwa katika mji ambako kubomoa ukuta wa mtu kunaweza kuamsha ugomvi wa ardhi, na Ituri inajua ugomvi wa ardhi unavyoweza kuishia. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya taifa, lakini mwenye ua ana hati yake, au ana barua ya chifu, au ana miaka thelathini ya kuishi pale. Mpango unaotegemea kupanua kila barabara utakwama kwenye nyua hizo. Mpango unaotumia upana uliopo una nafasi ya kutekelezwa.

Sasa mwendo kasi, ambao ndio kiini cha jambo. Barabara ya mashimo humlazimisha dereva aende polepole. Siku lami inapokauka, pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 20 kwa saa inakwenda 60, juu ya barabara ile ile, kati ya watoto wale wale. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4, na kwamba mtu wa miguu aliyegongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya aliyegongwa kwa kilomita 50. Duniani kote ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka. Ndizo zinazoongoza kwa kuua walio kati ya miaka 5 na 29, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Takwimu hizi zinaweza kuonekana za mbali, lakini zinaeleza barabara ya Bunia kuliko zinavyoeleza ya Brussels.

Nairobi imelipa gharama ya somo hili. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012 kwa fahari kubwa, ilipita kati ya mitaa yenye watu wengi wanaotembea. Watu walivuka njia nyingi za magari yaendayo kasi kwa sababu stendi yao, soko lao na nyumba zao zilikuwa pande mbili tofauti, na madaraja ya kuvukia hayakutosha. Wengi walikufa. Miaka mitatu baadaye kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini iliyokusudia kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya wa miguu na wa baiskeli. Kutekeleza ndiyo ngumu. Lakini angalau swali liliingia kwenye bajeti. Bunia ina nafasi ambayo Nairobi haikuwa nayo: sehemu kubwa ya barabara zake bado haijawekwa lami. Kosa linaweza kuzuiwa kwenye karatasi.

Lipo jambo moja linalosahaulika kabisa katika mazungumzo ya usalama mashariki mwa Kongo. Sisi tunapita mkono wa kulia. Uganda na Kenya wanapita kushoto. Magari mengi yaliyotumika huingia kwetu kutoka huko, mengine yakiwa yametengenezwa Japani, usukani ukiwa kulia. Dereva wa namna hiyo akitaka kulipita lori lililo mbele, hana budi kulitoa gari lake hadi katikati ndipo aone. Baya zaidi ni basi dogo la abiria: mlango wake wa kuteleza uko kushoto, kwa hiyo likisimama ukingoni mwa barabara yetu abiria anashukia upande wa katikati, mahali pikipiki zinapopita. Mama akishuka na mtoto mgongoni na beseni mkononi, anaanza kwa kukanyaga njia ya vyombo. Kupiga marufuku magari haya ghafla kungewaumiza wenye kipato kidogo. Lakini vituo vya mabasi vinaweza kuondolewa kwenye ukingo wa barabara kuu na kupelekwa kwenye viwanja vya pembeni, ambako basi husimama kabisa na abiria hushukia mahali palipozungushiwa. Hilo halihitaji sheria ya bunge.

Kuhusu pikipiki, nataka kusema kwa uangalifu, maana ni rahisi kuwalaumu motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, kwa kila kitu. Ni kweli wengi hujifunza kuendesha wiki hii na kubeba abiria wiki ijayo, hubeba watu watatu, na hupanda kwenye njia ya miguu foleni ikizidi. Lakini wapo miongoni mwao waliokuwa wapiganaji. Baada ya mipango ya kunyang'anya silaha ya miaka ya 2004 na 2005, pikipiki ya abiria ilikuwa mojawapo ya kazi chache zilizowapokea vijana waliorudi kutoka msituni. Mji uliowapa kazi hiyo hauwezi kuwafanya maadui wa barabara. Kinachowasukuma kukimbia ni hesabu ya kila jioni: mwenye chombo anataka fedha yake, mafuta yamepanda, na nauli ya safari moja ni ndogo. Motari akiweza kusajiliwa na chama chake, akavaa fulana yenye namba, akapewa vituo vinavyojulikana na kofia ya pili kwa ajili ya abiria, anapata heshima na mteja anapata mtu wa kumtafuta likitokea jambo. Kigali ilifanya hivyo, na hakuna asemaye Kigali haina pikipiki.

Kigali ilifanya jambo jingine linalofaa kuangaliwa. Mwaka 2015 ilifunga kwa magari kipande cha barabara katikati ya mji, na kuanzia 2016 ikaweka asubuhi za Jumapili ambapo barabara kuu hubaki kwa watu. Wafanyabiashara waliogopa mwanzoni. Sidhani Bunia inahitaji kufunga Boulevard de la Libération. Ila njia chache zinazozunguka soko kuu, ambako siku ya soko pikipiki haiwezi kupita ila kwa kusukuma watu, zingeweza kufungwa kwa vyombo saa za mchana kwa nguzo mbili za chuma na askari mmoja.

Hapa linaingia suala la wachuuzi. Jibu la kawaida la serikali za miji yetu ni kuwafukuza: meza zinapinduliwa, ndizi zinamwagwa, na baada ya wiki mbili wamerudi, kwa sababu mnunuzi wao ni mpita njia na mpita njia hapiti kwenye jengo lililo nyuma ya mji. Naliona jibu hilo kuwa la kikatili na lisilo na faida. Mwanamke anayeuza sombe na pilipili ukingoni mwa barabara hutoa kitu ambacho polisi hawatoi: yupo pale kuanzia alfajiri mpaka taa ya mwisho, anajua mtoto wa nani anapita na nani si wa mtaa huu. Barabara ikichorwa kwa kumtengea ukanda wake, nyuma ya njia ya miguu na mbele ya ukuta, kwa ushuru mdogo unaojulikana, njia hubaki wazi na mtaa hubaki na macho.

Macho hayo yana maana ya pekee Bunia, kwa kuwa anayetembea hapa ana hofu mbili. Anaogopa kugongwa, na anaogopa watu wenye silaha. Mkoa umekuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioanza 6 Mei 2021, na mji umepitia vipindi vya pikipiki kuzuiwa usiku. Saa za kuzuia pikipiki huwasukuma wengi kurudi kwa miguu gizani: muuguzi anayetoka zamu, mwanafunzi wa chuo, mhudumu wa mgahawa. Mwanamke anayetembea peke yake kwenye njia isiyo na taa, kati ya ukuta mrefu na korongo, hana pa kukimbilia hata akimwona mtu kwa mbali. Kwa hiyo taa za sola hazipaswi kuishia kwenye barabara kuu ambako magari tayari yana taa zake. Zinahitajika zaidi kwenye madaraja madogo ya Nyamukau, kwenye njia za kuingia kambi za waliokimbia makazi, na kati ya hospitali na kata zilizo karibu nayo. Anayepanga usalama wa barabara na anayepanga ulinzi wa raia wangekaa meza moja wangegundua kwamba wanazungumzia njia zile zile.

Shida ni kwamba meza hiyo haipo. Barabara ya Taifa namba 27, inayotoka Komanda kupitia Bunia hadi Mahagi, nje ya mji ni ya Office des Routes. Ndani ya mji njia na mitaro ni kazi ya OVD (Office des Voiries et Drainage). Mfuko wa FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, hukusanya ushuru wa mafuta na barabara kwa ajili ya matengenezo. Kinga ya ajali ni ya CNPR, tume ya taifa ya kuzuia ajali za barabarani. Kuongoza vyombo ni kazi ya polisi wa barabarani. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inazipa miji na komuni majukumu yake, lakini meya wa Bunia na wakuu wa komuni za Mbunya, Nyakasanza na Shari huteuliwa na walio juu yao. Hawachaguliwi na watu wanaotembea mbele ya ofisi zao. Kila ofisi ina kipande chake cha barabara, na mtu wa miguu hana ofisi. Hata idadi ya waliogongwa haijulikani kwa ukamilifu, maana majeruhi hupelekwa moja kwa moja hospitalini na jambo humalizwa kati ya familia mbili bila polisi kuambiwa. Daftari za wodi za dharura zingeweza kujibu swali la mahali hasa ajali zinapotokea. Inatosha mhudumu aandike, pamoja na jina na jeraha, mtaa na kona.

Ikiwa fedha ni za kufanya jambo moja tu, basi zianzie milangoni mwa shule. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Septemba 2019, madarasa yamejaa, na shule nyingi hupokea kundi la asubuhi na kundi la mchana. Saa sita adhuhuri makundi mawili hupishana barabarani. Dar es Salaam imeonyesha njia. Shirika la Amend liliendesha huko mpango uitwao SARSAI, likakagua njia wanazopita watoto na kuweka vitu vya bei ndogo: matuta, alama, kivuko, nguzo za kutenganisha njia ya miguu, na mahali pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kuu kwenda njia ya nyuma. Majeruhi miongoni mwa wanafunzi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross. Kinachonivutia ni lango lile. Kuhamisha lango kunahitaji fundi wa kuchomelea na matofali mia kadhaa, na kunawaondoa mamia ya watoto mbele ya malori kila siku.

Matuta nayo yana kanuni zake. Katika miji mingi ya mashariki ya Kongo, mtoto akigongwa wakazi huweka wenyewe tuta la mawe au udongo usiku ule ule. Naelewa uchungu wao, lakini tuta kali lisilo na rangi wala alama humwangusha mwendesha pikipiki gizani, na maji hukwama nyuma yake yakila lami. Tuta zuri ni pana na la mviringo, limepakwa rangi, liko karibu na mzunguko au kivuko, na limeacha nafasi ya maji kupita pembeni. Mji ungeweza kuwa na mchoro mmoja uliokubaliwa, ambao kila mkuu wa kata angepewa, ili watu wanapoamua kujilinda wajue wajenge nini na wamwombe nani ruhusa.

Na hawa wakuu wa kata, wakuu wa mitaa na viongozi wa nyumba kumi ndio chombo cha mipango ambacho Bunia tayari inacho. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, mkoa huu uliweza kuwashusha abiria kwenye vizuizi, wakanawa mikono, wakapimwa joto, wakatembea hadi upande wa pili kabla ya kupanda tena. Ilikuwa kazi ngumu, na ilipingwa, lakini ilifanyika kwa sababu kila mtaa ulikuwa na mtu wa kueleza. Salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, ya kusafisha mitaro ipo. Kinachokosekana ni kuwaita viongozi hao kabla mchoro haujakamilika, wazunguke na mhandisi wa OVD kwa miguu kutoka soko hadi shule hadi daraja, wamwonyeshe mahali watu wanapovukia kwa kweli, ambapo mara nyingi si pale mchoro unapotaka wavukie.

Mambo haya yote yanashikwa na mkataba wa ujenzi. Mkandarasi hulipwa kwa kile kilichoandikwa, na katika barabara nyingi za miji yetu kilichoandikwa ni kilomita za lami na upana wake. Mabamba ya mitaro, vivuko, vituo vya mabasi na taa hubaki kuwa nyongeza ya baadaye, na fedha zikipungua ndivyo vinavyokatwa kwanza. Vikiandikwa kama sehemu ya barabara yenyewe, vyenye bei yake na kipimo chake, haviwezi kuondolewa bila mtu kutia saini. Tena siku ya kupokea kazi, mkuu wa komuni, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na mwakilishi wa watu wenye ulemavu waitembee barabara nzima pamoja na mhandisi, ikiwezekana mara baada ya mvua, na orodha ya mabamba yaliyokosekana iambatishwe kwenye hati ya malipo ya mwisho.